Krimu ya "kufunga vitundu vya uso": nimeitumia mwezi mzima

Jina la kampuni naliacha. Kama krimu ya kulainisha ngozi iko poa tu, haichomi, haina harufu kali, ukipaka usiku unaamka ngozi haijakauka. Ila ile habari ya kufunga vile vitundu vidogo vya kwenye ngozi ya pua msidanganyike jamani, vitundu vile havina misuli ya kuvifungua na kuvifunga, kila mwenye ngozi anavyo.

Kinachoniuma hasa sio krimu. Kabla ya lile tangazo lake sikuwahi hata siku moja kuitazama pua yangu nikaona ina shida. Nilisimama sekunde chache tu nikaliangalia, basi kuanzia hapo likawa linanifuata kila aplikesheni, nikifungua video lipo, nikisoma habari lipo, mara influensa ninayempenda naye anaipaka, mpaka wiki ya pili nikawa nasogea kwenye kioo nahesabu vitundu, nikipiga picha nafuta, nikiongea na mtu karibu naziba pua na mkono. Siku naweka oda niliamini kabisa nimeamua mwenyewe!

Na hii mbinu ni ya zamani sana. Listerine, ile dawa ya kusukutua mdomo, ilitengenezwa 1879 kama dawa ya kuua vijidudu kwenye upasuaji, halafu miaka ya 1920 matangazo yake yakaanza kuwatisha watu kwamba mdomo unanuka ndo maana hawaolewi, mauzo yakapaa. Yaani unapewa aibu kwanza ndo unauziwa dawa yake.

Halafu ule uso laini wa kwenye tangazo unakuta umepita kwenye filta. Norwei tangu Julai 2022 sheria inataka picha ya tangazo iliyorekebishwa mwili au ngozi iwekwe alama, na mimi natamani iwe hivyo kila mahali maana wanaoziona ni mpaka watoto wa shule.

Kabla hujanunua geuza kopo usome viambato, kawaida vinapangwa kuanzia kilicho kingi. Yangu ilianza na maji na gliserini, ule mmea wanaousifia uko karibu na mwisho kabisa, na lile losheni langu la zamani la bei rahisi nalo linaanza hivyohivyo.

Nyota 3, zote za krimu. Tangazo nimebonyeza "sitaki kuliona", bado linakuja mojamoja, nalipita haraka kabla sijaanza kuishika pua tena.