Miezi mitano na midoli ya watoto watatu kwenye chumba na sebule: kontena, beseni, kapu au dumu?

Habari zenu wapendwa, karibuni sana. Leo nimekaa sakafuni kwa sababu vitu vyenyewe ni vya sakafuni, na nataka mvione vizuri. Hapa nyuma yangu kuna kontena kubwa la plastiki, mabeseni matatu, kapu la ukili, shangazi kaja, yaani ule mfuko mkubwa wa zipu, dumu lililokatwa, na huu mfuko unaoning'inia mlangoni. Vyote nimenunua kwa hela yangu, hakuna duka lililonipa kitu. Na vyote vimekaa humu ndani miezi mitano, masika yote yakiwemo, kwa hiyo nawaambia nilichokiona kwa macho yangu.

Kwa wageni: tunaishi Dar es Salaam, chumba na sebule, nyumba ya kupanga. Watoto watatu. Mkubwa ana miaka 8, wa kati ni binti wa miaka 4, na kitinda mimba ana mwaka 1 na miezi 7. Chumba cha watoto hakipo. Sebule hii ndiyo ya wageni, ndiyo ya kulia chakula, na usiku godoro la wakubwa linatandikwa hapa hapa nilipokaa. Midoli isipoondoka sakafuni, watu hawalali.

Kilichonisukuma hasa ni bibi yao. Alikuja kututembelea, umeme ukakatika usiku, akainuka kwenda msalani akakanyaga kigari cha magurudumu. Alishika kochi, Mungu akasaidia hakuanguka. Lakini mtu wa umri ule akivunjika nyonga, unajua mambo yanavyokuwa. Sikupata usingizi usiku ule. Asubuhi nikapanda daladala kwenda Kariakoo.

Na Kariakoo nikafanya kosa ambalo naona wengi tunalifanya: nikanunua kitu kikubwa kuliko vyote. Hili hapa. Kontena la lita 100, lina kifuniko, lina magurudumu, shilingi 45,000. Ukiliangalia dukani unasema tatizo limekwisha, kila kitu kitaingia humu. Na kweli kiliingia! Siku ya kwanza sebule ilikuwa safi mpaka jirani akauliza watoto wamesafiri.

Sasa ngoja niwaonyeshe tatizo. Nainama, natia mkono... mnaona? Mkono wangu mimi mtu mzima unafika chini kwa shida. Sasa mtoto wa miaka 4 anatafuta mdoli wake, na mdoli uko chini kabisa. Atafanyaje? Atalipindua. Kila siku asubuhi lita 100 za midoli zilikuwa sakafuni, kwa ajili ya mdoli mmoja. Na kurudisha? Kifuniko hiki kina vibanio viwili vigumu, binti yangu hawezi kuvibana. Kwa hiyo kazi ya kufunga ikawa yangu, na kazi ikishakuwa ya mama, watoto wanasimama wanakutazama. Wiki ya tatu kibanio kimoja kikavunjika, hiki hapa, kimebaki kisiki.

Lakini si kibanio kilichonifanya niliondoe sebuleni. Siku moja walikuwa wanacheza kombolela. Mimi niko uani nafua. Binti akatoa midoli, akaingia humu, kaka yake akamfunika na kubana. Nilisikia anagonga. Jamani, kontena hili halipitishi hewa, limetengenezwa hivyo ili vumbi na unyevu visiingie. Nilimtoa akiwa amelowa jasho mwili mzima, analia. Alikuwa salama, lakini mpaka leo nikikumbuka ule mgongo wa kontena ukitikisika moyo unanienda mbio. Kama unalo nyumbani na mtoto anaweza kuenea ndani, chukua msumari, upashe moto, toboa matundu pembeni na kwenye kifuniko. Leo hii, usisubiri kesho. Na masanduku ya mbao yenye mfuniko mzito vilevile: mfuniko unaoweza kuanguka wenyewe juu ya shingo ya mtoto aliyeinama, mwambie fundi aung'oe kabisa.

Sasa kontena liko chumbani kwetu, na huko linafanya kazi nzuri, nitarudi kwalo.

Haya, mabeseni. Haya ni ya kawaida kabisa, yale mapana ya kufulia, yenye kina kifupi. Shilingi 4,500 moja, nimenunua matatu kwa mama anayepanga vyombo chini pale sokoni. Tazameni kimo chake. Nikiliweka sakafuni linafika chini ya goti la kitinda mimba. Anaona vyote vilivyomo akiwa amesimama. Anachukua kigari, anaacha vingine mahali pake. Na akimaliza anatupa humo humo, hana cha kufungua wala cha kubana.

Hiki ndicho kipimo changu, na ningependa uende nacho sokoni: je, mtoto wangu mdogo anaweza kurudisha kitu humu bila kuniita? Usianze kuuliza kinaingiza vingapi, wala kama kinapendeza. Kama jibu ni hapana, umejinunulia kazi.

Beseni la bluu ni la magari. La kijani ni la matofali ya plastiki, yale ya kujengea. Jekundu ni la vyombo vya kupikia vya kitoto, visufuria, vikombe, na makopo yao wanayopikia mchanga. Watoto wangu wadogo hawajui kusoma, kwa hiyo sikuandika kitu. Nilikata picha kwenye maboksi ya midoli yenyewe, nikabandika kwa selotepu pana. Midoli ambayo haikuwa na boksi, mkubwa aliichora. Gari alilolichora lina magurudumu sita, lakini mdogo wake anajua ni gari. Wiki ya kwanza nilirudisha nao, nikiimba. Wiki ya pili walianza wenyewe. Si kila siku, siwadanganyi, lakini siku nyingi.

Kasoro ya beseni: halina mahali pa kujificha. Mgeni akija ataliona. Mimi nayapanga chini ya meza ya tivii, moja juu ya jingine wakilala, na sioni aibu. Kasoro ya pili, siku ya maji kukatika utatamani kuyachukua ukingie maji. Tafadhali, usiyarudishe kwa mtoto na maji yamebaki ndani, hata kidogo. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja, na ndoo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu akiingia kwa kichwa hawezi kujitoa. Ndiyo maana ndoo za lita 20 sikuziweka kwenye majaribio yangu kabisa, ingawa wengi mliniomba.

Badala yake nilichukua dumu. Dumu hili la lita 20 lilikuwa la mafuta ya kula, nimenunua kuukuu shilingi 2,000. Unalilaza ubavuni, unakata upande wa juu, kama wanavyokata wanaopanda mchicha uani. Mpini unabaki upande mmoja, mtoto anaburuta kwa kamba kama gari. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili tatu mpaka utelezi uishe. Usichukue dumu lililobeba dawa ya shamba, dizeli au rangi, hata ukipewa bure. Plastiki inanyonya, na watoto hawa kila kitu wanaonja. Ukingo wake unakata kama kisu, kwa hiyo piga msasa kwanza. Kisha, angalieni hapa, nimechukua kipande cha mpira wa kumwagilia, nikaupasua kwa urefu, nikauvisha ukingo wote kuzunguka. Umeshika barabara. Mume wangu ndiye aliyetoa wazo hilo, na ndilo ninalolipenda kuliko yote humu ndani.

Kapu la ukili, shilingi 8,000. Nilitamani sana lishinde. Ni laini, mtoto akiliangukia haumii, linapitisha hewa, na linapendeza sebuleni kuliko plastiki yoyote. Nimeweka midoli ya kitambaa na mipira. Lakini ukweli usemwe: mwezi wa 4, mvua zilipochanganya, chini kulifanya ukungu mweupe, na nyuma nikakuta mende ametaga. Tangu hapo kila Jumamosi jua likitoka linaanikwa, na nimeliwekea vipande viwili vya ubao chini lisiguse sakafu. Kwa nyumba kavu, kwa Dodoma kwa mfano, ningelinunua bila kufikiri mara mbili. Kwa pwani, ujue umechukua kitu cha kuanika. Na angalia ncha za ukili zisifumuke, kitinda mimba alishaanza kuzitafuna.

Maboksi ya katoni nayapita haraka. Ni ya bure, lakini mende wanayapenda, na yakilowa mara moja yamekwisha. Tumia wiki mbili ukitafuta hela ya beseni.

Sasa mfuko huu wa mlangoni. Mwenye nyumba wetu hataki msumari ukutani, kwa hiyo ilibidi tufikirie. Hii ni ile nailoni inayoonyesha, ya kufunikia meza, inauzwa kwa mita. Nilinunua mita moja na nusu kwa shilingi 7,500, nikampa fundi cherehani kitenge changu cha zamani, akashona mifuko 12 juu ya kitenge, ya nailoni ili vilivyomo vionekane. Ufundi shilingi 5,000. Umefungwa kwa kamba kwenye komeo la juu. Mifuko ya chini ina vitabu na kalamu za rangi, anayetaka achukue. Mifuko ya juu ni ya vitu vidogo vya mkubwa: gololi, visoda, vipande vya kujenga vya udogo udogo.

Hapa naomba tutulie kidogo. Karatasi ya chooni ikiisha, kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki usikitupe. Kitu chochote kinachopita ndani ya kibomba hicho kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Nilikaa jioni moja na beseni zima nikapitisha kimoja kimoja. Nilishangaa: magurudumu yaliyong'oka, macho ya mdoli, kifuniko cha kalamu. Na midoli inayowaka taa na kuimba, fungua nyuma uone betri. Zile betri bapa, ndogo kama kifungo, mtoto akimeza na ikakwama kooni inaweza kuchoma njia ya chakula ndani ya masaa 2. Ukihisi tu kwamba amemeza, kimbia hospitali, usisubiri aonyeshe dalili na usimtapishe. Mdoli ambao mlango wa betri hauna skrubu, kwangu umetoka.

Midoli ya kuogea iko bafuni kwenye wavu wa vitunguu, ule mwekundu, nimeuomba dukani. Maji yanachuruzika, midoli inakauka. Ile inayofyonza na kupuliza maji nimeitupa. Niliukata mmoja nikakuta weusi mtupu ndani.

Tumebaki na shangazi kaja na lile kontena. Shangazi kaja ni shilingi 3,500, na kwa kuchezea kila siku haifai: haionyeshi kilichomo, na zipu yake imetoka mwezi wa pili. Lakini nimeipa kazi nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha utafiti wao kwa watoto wadogo 36. Mara mtoto aliwekewa midoli 4, mara 16. Walipokuwa na 4 tu, walikaa na kila mmoja muda mrefu zaidi, na walibuni njia nyingi zaidi za kuuchezea. Niliposoma hivyo nikaitazama sebule yangu.

Nikagawa midoli yote mafungu matatu. Fungu moja liko hapa nje. La pili liko kwenye kontena, la tatu kwenye shangazi kaja juu ya kabati. Kila baada ya wiki tatu tunabadilisha. Fungu likishuka wanalipokea kama limetoka dukani, na mimi sijanunua mdoli hata mmoja tangu Pasaka. Kabla ya kufungia, osha na anika juani mpaka ikauke kabisa. Kontena likifungiwa unyevu litatunza unyevu.

Hesabu sasa. Mabeseni 13,500, dumu 2,000, kapu 8,000, mfuko wa mlangoni 12,500, shangazi kaja 3,500. Jumla 39,500. Kontena peke yake 45,000. Kama una hela ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua beseni moja pana, weka ndani vitu vichache wanavyovipenda, vingine vifunge kwenye kiroba safi uviweke juu.

Sasa hivi ni saa moja na nusu jioni, chakula kiko jikoni, na muda wa kurudisha umefika. Sikuwaandaa, nawaita mbele yenu muone. Mama, njoo. Njoo na mdogo wako. Hilo gari linalala wapi? ... Eeh, kwenye bluu. Na mpira? ... Si humo mama, angalia picha. Haya, kwenye kapu. Mwachie na yeye arudishe, usimpokonye, mwache atupe mwenyewe. ... Mmeona? Ametupa kikombe kwenye magari. Dada yake anakitoa anakipeleka kwenye jekundu, na mimi sijanyanyuka hapa nilipokaa.