Weblate na vitufe viwili vya "Futa": miezi minane nikitafsiri programu huria

Nilijiunga kwa hasira. Programu ninayosomea vitabu kwenye simu iliniuliza kama nina uhakika nataka kukifuta kitabu. Chini yake vitufe viwili. Cha kushoto: "Futa". Cha kulia: "Futa". Nikabaki nimeduwaa kama mtahiniwa aliyepewa swali la kuchagua lenye majibu mawili yanayofanana. Nikabonyeza cha kulia, kitabu kikaenda.

Aliyetafsiri simlaumu sana. Kwetu safari hufutwa, miadi hufutwa, na faili nalo hufutwa. Alikutana na neno "Cancel" peke yake kwenye orodha, dirisha lenyewe halioni, akaandika lililomjia. "Ghairi" lipo, ila siku hiyo halikumjia.

Mradi wenyewe (jina naliacha, maana nina malalamiko) unaendeshwa na watu wa kujitolea, na tafsiri zake hufanyiwa kwenye Weblate, tovuti ya kutafsiria maneno ya programu. Kwa hiyo maoni yangu ni ya vitu viwili, chombo na kazi yenyewe.

Chombo hakina maneno mengi. Michal Čihař alikianzisha mwaka 2012, nacho chenyewe ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote. LibreOffice (programu za ofisi) na F-Droid (duka la programu huria za Android) wanakitumia. Unafungua akaunti, unachagua lugha, sentensi ya Kiingereza inakaa juu, unaandika yako chini, unahifadhi. Kuandika msimbo si lazima ujue. Mimi ni mhariri wa vitabu, nikisikia Python nawaza chatu, na nimefika. Ninachokipendea ni ukali wake. Ukisahau nukta, kinakwambia. Ukiiangusha alama ya %s, ambapo programu huja kuweka jina la faili au la mtu, kinakupa onyo. Ningekuwa na msaidizi wa namna hiyo kazini ningekuwa nalala mapema.

Halafu kila unachohifadhi huishia kwenye Git, daftari linalotunza kila badiliko la msimbo, kwa jina lako. Hapo kuwa macho: pamoja na jina huenda anwani ya barua pepe, na historia ya Git haifutiki kirahisi. Kagua mipangilio ya akaunti kabla ya neno la kwanza. Mimi nilikagua baada ya maneno mia mbili.

Sasa kazi. Kuna sentensi inasema "%s was deleted". Mwingereza kamaliza, anakwenda zake. Mswahili anauliza: nini kilichofutwa? Kitabu kimefutwa, faili limefutwa, ujumbe umefutwa, picha imefutwa. Nafasi ile programu itaijaza kwa chochote, nami natakiwa niweke kitenzi kabla sijajua ngeli. Sentensi hiyo ilikula jioni yangu nzima. "%s imefutwa" inapendeza mpaka siku itokee "Kitabu imefutwa", na mhariri mzima nife kwa aibu. Mwisho nikaandika "Umefuta: %s". Kitenzi kimfuate mwenye simu, ngeli ya kitu ikae pembeni. Tangu hapo kila nikiona %s mwanzoni mwa sentensi naigeuza hivyo hivyo.

Kwenye hesabu sina ugomvi. Mfumo wa gettext, unaotumika kutafsiria programu, unakipa Kiarabu maumbo sita ya idadi na Kiswahili mawili, kimoja na zaidi ya kimoja, nayo yanatutosha: "Kitabu %d kimepakuliwa", "Vitabu %d vimepakuliwa" (%d ni nafasi ya namba). Nomino imeshaandikwa, ngeli inajulikana.

Ugomvi ulikuja na "Open". Neno moja, mahali pawili: kwenye kitufe ni amri, yaani "Fungua", na kwenye orodha ni hali, yaani kitabu kimefunguliwa. Kwenye mafaili ya tafsiri yote mawili yalikuwa mstari mmoja, ukirekebisha huku unaharibu kule. Dawa yake anayo mwandishi wa msimbo, ayatenganishe kwa kuongeza maelezo ya muktadha. Nikawaandikia, nikaambatisha picha mbili za skrini. Wiki tano kimya. Nilipokumbushia, mmoja akanijibu kwa mkato kwamba lugha nyingine hazijalalamika. Siku mbili baadaye mwenzake akayatenganisha bila neno. Mistari miwili tu ya msimbo! Niliisoma, na nikashangaa kwamba naielewa.

Sisi wenyewe watafsiri pia si malaika. Watu watatu tulibishana siku nne juu ya "nenosiri" na "nywila". Mimi nilikuwa wa nywila. Nilishindwa, na nenosiri likaingia kwenye orodha ya istilahi. Sasa nikijisahau Weblate yenyewe inanikumbusha kushindwa kwangu.

Chombo nakipa nyota tano. Mradi nyota tatu. Ya nne wangeipata kwa kujibu tu "tumeona, subiri kidogo". Kama huwezi kuvumilia kimya cha watu wanaofanya kazi hii usiku baada ya ajira zao, utaumia. Kama una jicho la ngeli, njoo, tuko wachache mno.

Toleo jipya lilipotoka nilifungua kitabu nisichokihitaji na kubonyeza kufuta, ili nione tu. "Futa". "Ghairi". Juu ya dirisha kuna kosa la tahajia, nalo ni langu.