Seti ya mahjong kwa wanagenzi: vigae vizuri, kijitabu cha kukanganya

Seti ninayoieleza hapa ni ya mahjong, mchezo wa vigae wa Kichina unaochezwa na watu wanne; ina vigae 144 vya plastiki na imetengenezwa kwa ajili ya wanagenzi. Nimeitumia kwa miezi mitatu pamoja na wenzangu watatu ambao, kama mimi, hawakuwa wamewahi kugusa mchezo huu, na vigae vyenyewe vimetufundisha mengi kuliko kijitabu kilichofungwa pamoja navyo.

Ubora wake mkuu ni jambo dogo: tarakimu iliyochongwa pembeni mwa kila kigae chenye hesabu. Vigae vya duara na vya mianzi mtu huvihesabu kwa macho, ingawa kigae cha mwanzi mmoja, ambacho kwa desturi huchorwa ndege, kilitutatiza siku ya kwanza hata mwenzetu akakitenga pamoja na maua, yaani vigae vya ziada vyenye michoro ya maua. Vigae vya maandishi, ambavyo namba zake zimeandikwa kwa Kichina kuanzia moja hadi tisa, ndivyo vingetukatisha tamaa. Moja, mbili na tatu ni mistari tu, na yeyote huzitambua. Ugumu huanzia kwenye nne. Baada ya wiki kadhaa niligundua kwamba sizitazami tena zile tarakimu, na sidhani kama ningefika hapo bila msaada wake. Vigae vya pepo nne (Mashariki, Kusini, Magharibi na Kaskazini) pia vimewekewa herufi za Kilatini, na majoka matatu yanatofautishwa kwa rangi.

Kijitabu kinaanza vizuri. Kinaeleza kwa ufasaha kwamba kila mchezaji hushika vigae 13, huchukua kimoja na kutupa kimoja, mpaka apate vigae 14 vinavyounda vikundi vinne na jozi moja, na kwamba kikundi ni ama vigae vitatu vinavyofuatana vya aina moja, ama vitatu vinavyofanana kabisa. Kuanzia hapo kinapotea. Ukurasa mmoja unaagiza maua na majira, vile vigae vinane vya ziada, yatumike, na ukurasa unaofuata unaagiza kila mchezaji ajenge mbele yake ukuta wa jozi 17, yaani vigae viwili-viwili kimoja juu ya kingine, hesabu ambayo ni ya mchezo wa vigae 136 usio na maua. Tulijenga kama tulivyoagizwa, vikabaki vigae vinane mezani, nasi tukabishana karibu nusu saa kabla ya mmoja wetu kuzidisha na kugundua kwamba kila ukuta ulipaswa kuwa na jozi 18.

Kosa lililotugharimu zaidi ni kanuni iliyofichwa kwenye ukurasa wa alama: kigae kilichotupwa unaweza kukichukua kutoka kwa mchezaji yeyote ili kukamilisha vitatu vinavyofanana, lakini kwa mfuatano unaruhusiwa kukichukua kwa yule aliyekutangulia zamu peke yake, isipokuwa kama kigae hicho kinakupa ushindi. Kwa wiki mbili nzima tulikuwa tukinyakua mifuatano kutoka kila upande, na mchezo ukawa mwepesi kupita kiasi. Mchoro wa namna ya kukaa ni sahihi, ila haukufafanuliwa. Wachezaji huitwa kwa majina ya zile pepo nne: Kusini huketi kuliani mwa Mashariki, na Kaskazini kushotoni mwake, kinyume cha ramani, nasi tulidhani mchapaji amekosea.

Vibao vya kusimamishia vigae ni vyepesi na huanguka mkono ukivigusa. Dadu na sanduku havina kasoro.

Naipendekeza seti hii kwa anayetaka kujifunza mtindo wa Kichina, mradi awe na mtu wa kumweleza kanuni au atafute maelezo kwingine, na michezo ya mwanzo aicheze bila kuhesabu alama. Anayelenga mtindo wa Kimarekani asiinunue, kwa kuwa mtindo huo huhitaji jokeri, yaani vigae vinavyoweza kushika nafasi ya vingine, na humu hamna hata moja.