Kozi za usalama na ustahimilivu wa barabara: ipi uanze nayo, ipi isubiri

Mhandisi wa halmashauri anayetafuta kozi fupi ya barabara siku hizi hakosi pa kwenda. Zipo za bure mtandaoni, zipo za siku tano katika kumbi za hoteli, zipo za vyuo vyetu wenyewe, na zipo za ng'ambo zinazodai viza, nauli na posho. Kazi ni kuchagua. Hapa tumezipima kwa swali moja: ukirudi ofisini Jumatatu, unaweza kufanya nini juu ya mchoro au juu ya barabara yenyewe ambacho wiki iliyotangulia hukukiweza? Kozi isiyo na jibu la swali hilo hatuipendekezi, hata cheti chake kikiwa cha chuo kikubwa.

Anza na mafunzo ya mtandaoni ya iRAP, mpango wa kimataifa wa kupima usalama wa barabara, maana hayahitaji nauli na yanakunoa macho. Shirika hili la hisani lililosajiliwa Uingereza huigawa barabara vipande vya mita 100, na kila kipande huandikiwa sifa zaidi ya 50: upana wa njia, bega la barabara, miti na nguzo zilizo karibu, kona, taa, vivuko, hali ya lami. Programu yake, ViDA, hutoa nyota 1 (hatari zaidi) hadi 5 (salama zaidi), na huzitoa kwa makundi manne yaliyotenganishwa: walio ndani ya magari, wa pikipiki, wa baiskeli, na waenda kwa miguu. Utenganisho huo ndio wenye manufaa makubwa kwetu. Barabara mpya yenye lami safi inaweza kumpa mwenye gari nyota 3 na kumwachia nyota 1 mwanafunzi anayeivuka. Mhandisi akishaona jambo hilo kwenye jedwali, hawezi tena kusema "barabara ni salama" bila kuulizwa salama kwa nani. Malengo ya Umoja wa Mataifa ya hadi 2030 yanataka barabara mpya zote zikidhi viwango vya usalama kwa watumiaji wote, au zifikie angalau nyota 3, kwa hiyo ujuzi huu utauhitaji hata usipoupenda.

Kosa kubwa la wanaoanza liko kwenye mwendo. Modeli ya iRAP hutaka uiingizie kile kilicho kikubwa kati ya kikomo kilichobandikwa na mwendo halisi wa magari. Anayejaza 50 kwa kuwa kibao kinasema 50, huku magari yanapita kwa 80, amejigawia nyota ambazo barabara haina. Pima mwenyewe: magari yasiyopungua 100, yanayokwenda bila kubanwa na la mbele, sehemu iliyonyooka, saa isiyo na foleni, kisha chukua mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauvuki. Kosa la pili ni idadi ya waenda kwa miguu inayokadiriwa mezani. Hesabu siku ya gulio na saa ambayo shule inafunga, la sivyo kijiji kizima kitaonekana kama pori.

Upungufu wa iRAP ni huu: itakuonyesha kipande kibaya, lakini haitakuambia kivuko kikae mbele au nyuma ya kituo cha daladala. Hilo ni somo la ukaguzi wa usalama wa barabara, na kwa maoni yetu ndiyo kozi fupi yenye faida kuliko zote zilizopo. Kama bajeti yako ya mwaka inatosha kozi moja tu ya kulipia, iwe hii.

Ukaguzi hufanywa kwa hatua: upembuzi yakinifu, usanifu wa awali, usanifu wa kina, wakati wa ujenzi, kabla ya kufungua barabara, na baada ya barabara kutumika. Kozi nzuri hukupitisha angalau hatua mbili kwa vitendo, moja ya mchoro na moja ya barabara inayotumika. Inakuweka kwenye timu ya watu wawili au zaidi wasiohusika na usanifu huo. Inakutoa nje mchana, na usiku vilevile. Ratiba isiyo na safari ya usiku imekata nusu ya somo, maana usiku ndipo alama iliyofifia inapopotea kabisa, ndipo taa za duka zinapomzuga dereva kwenye kona, na ndipo mstari wa miti unaoendelea moja kwa moja unapomwonyesha njia wakati barabara imeshapinda.

Angalia pia kama wanafunzi wanafanya hesabu. Chukua njia mbili zenye upana wa mita 7. Mtu mzima anayetembea mita 1.2 kwa sekunde huzivuka kwa karibu sekunde 6. Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde, yaani mita 130 kabla mtu huyo hajafika ng'ambo. Kama kilima au kona imemwachia mita 90 za kuona, kivuko hicho ni mtego, na rangi ya pundamilia haiongezi hata mita moja. Kwa kilomita 50 kwa saa umbali hushuka hadi kama mita 80. Hapo mkaguzi ana mapendekezo mawili ya kweli: kukihamisha kivuko au kushusha mwendo kwa tuta. Tuta lenyewe liandikwe vipimo, kwa mfano lile la mviringo la urefu wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10, kwa sababu mkandarasi akiachiwa neno "tuta" peke yake atajenga ukuta mwembamba unaovunja springi, na madereva watauzunguka kupitia begani, kwenye waenda kwa miguu.

Mwalimu mzuri atakusimamisha pia kwenye kingo za chuma zinazozuia magari kutoka barabarani. Utapima kama zimeanza mapema kabla ya hatari au zimeanzia hatarini penyewe. Kama bati moja limelala juu ya jingine kwa kufuata mwelekeo wa magari, maana likigeuzwa ncha yake hulikabili gari linalokuja. Kama ncha ya mwanzo imeachwa wazi kama mkuki. Na kama kuna pengo kati ya kingo na ukuta wa daraja. Mapengo hayo ya madarajani ni ya kawaida mno, na kuyaziba si gharama ya kuogopesha.

Kinachoharibu kozi nyingi za ukaguzi ni orodha ya maswali. Mwanafunzi anapewa kurasa za visanduku, anaweka tiki, anaona amekagua. Orodha ni ya kukumbusha, haiwezi kuona kwa niaba yako. Dalili nyingine mbaya ni ripoti za mazoezi ambazo kila tatizo jibu lake ni "kiwekwe kibao cha tahadhari." Ripoti inayofaa huandika tatizo ni lipi, nani ataumia na kwa namna gani, na kifanyike nini, kisha huacha nafasi ya mwenye mradi kujibu kwa maandishi kama amekubali au la, na kwa nini. Tanzania ina mwongozo wake wa ukaguzi tangu 2009. Kozi inayofundishwa nchini bila kuufungua, ikitegemea slaidi za barabara za Ulaya zisizo na bodaboda wala mikokoteni, iulizwe maswali kabla ya kulipwa.

Tukija kwenye ustahimilivu, yaani barabara kuhimili mvua na mafuriko, hapa ndipo kozi nyingi zinapopwaya. Saa za kwanza huishia kwenye ramani za joto la dunia na mikataba, na saa za maji yenyewe, yanayokata barabara, huwa chache. Barabara ya Morogoro pale Jangwani imefungwa mara nyingi kwa mafuriko ya Mto Msimbazi. Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga. Katika kukatika kwa namna hiyo maswali ni yaleyale: maji kiasi gani yalikuja, tundu la kupitishia maji lilikuwa na ukubwa gani, na msingi ulilindwa vipi. Kozi iyajibu hayo.

Pima silabasi kwa mfano huu. Bonde dogo la kilomita 1 ya mraba, mvua ya milimita 60 kwa saa, kigawo cha mtiririko 0.4, yaani sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini. Zidisha vitatu hivyo, gawa kwa 3.6: unapata karibu mita za ujazo 6.7 kwa sekunde. Kalavati moja la bomba la milimita 900 hupitisha kama mita za ujazo 1 hadi 1.2 maji yanapoanza kuinuka juu ya mdomo wake. Hata mabomba matano hayafikishi. Kalavati la sanduku la mita 2 kwa 2 linatosha. Sasa msitu wa juu ukikatwa na nyumba zikajengwa, kigawo kikapanda hadi 0.6, yamekuwa mita za ujazo 10 na sanduku lako limeshindwa bila mvua kuongezeka hata tone. Kozi inayokufanyisha hesabu hiyo, kisha ikarudia kwa mvua iliyoongezwa asilimia 20, ni kozi. Kwa mabonde makubwa zaidi fomula hiyo haifai. Uliza kama wanafundisha modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki ya TRRL, maabara ya Uingereza ya utafiti wa usafiri na barabara, ya 1976, iliyotokana na mabonde ya Kenya na Uganda. Ni ya zamani na takwimu zake za mvua zinahitaji kuhuishwa, lakini ilizaliwa kwenye udongo wetu.

Kisha kuna mdomo wa kutokea maji, ambao walimu wengi huupita mbio. Kalavati likiwa na ukubwa sahihi bado hufa kwa kuchimbwa chini: maji yatokayo kwa kasi huchimba shimo, sakafu ya zege huning'inia, huvunjika, na udongo ulioinua barabara nao hufuata. Dawa ni sakafu yenye ukuta ulioshuka ardhini mwishoni mwake, na mawe au gabioni (makasha ya waya yaliyojazwa mawe) mbele yake. Kwa kuchimbwa kwa nguzo za madaraja makubwa, mwongozo wa Marekani uitwao HEC-18 unapatikana bure na ndio chanzo cha slaidi nyingi utakazolipishwa. Ukiwa na hesabu nzuri unaweza kuusoma mwenyewe. Kwa barabara za vijijini, mwongozo wa Tanzania wa barabara zenye magari machache, wa 2016, una thamani kuliko semina nyingi. Sharti lake la kuinua kilele cha barabara sentimita 75 juu ya kitako cha mtaro limeokoa barabara nyingi za changarawe, na bado ndilo linalorukwa kwanza fedha zikipungua.

Mafundi sanifu na makandarasi wadogo wasipelekwe hotelini. Kituo cha Mount Elgon huko Mbale, Uganda, chuo cha ATTI cha Mbeya, na kituo cha Kisii cha KIHBT, taasisi ya Kenya ya teknolojia ya barabara na majengo, hufundisha ujenzi wa barabara kwa nguvu kazi, mikono ikiwa udongoni: kamba, ubao wa kupimia mwinamo, mitaro ya kutoa maji pembeni, ushindiliaji. Mtu akitoka huko anajua kwa nini barabara yenye mgongo uliolala hugeuka mfereji.

Kuhusu upangaji wa usafiri tutakuwa wafupi. Kozi ya wiki nne ya UCL (chuo kikuu cha London) na TUMI (mpango wa kimataifa wa usafiri wa mijini) kwenye FutureLearn, jukwaa la kozi za mtandaoni, ni utangulizi mzuri kwa maofisa mipango miji, hasa kwa kuuliza nani anaachwa nje na usafiri. Hesabu za abiria haina. Baada yake jifunze QGIS, programu ya bure ya ramani, na data za OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Mradi wa Ramani Huria wa Dar es Salaam na ramani ya matatu za Nairobi ya 2014 zilifanywa na wanafunzi na wakazi wenye simu mikononi, na njia zao zinaweza kurudiwa Mwanza au Kisumu. Kozi ya bure ya chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ya kuzuia majeraha ya barabarani iwaendee polisi, watu wa afya na waandishi wa maombi ya fedha. Msanifu ataiona iko mbali na mchoro wake. Anayesimamia madereva na magari aende NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, Dar es Salaam.

Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi: pointi za kozi zinatambuliwa na bodi yako ya wahandisi, ERB ya Tanzania au EBK ya Kenya? Darasa lina watu wangapi, maana zaidi ya 25 hakuna anayeshika mchoro? Nani anafundisha, na amewahi kusaini ripoti ya ukaguzi? Je, naruhusiwa kuja na mradi wangu? Jibu la mwisho likiwa hapana, tafuta kwingine. Ofisi itume watu wawili badala ya mmoja, kwa sababu mkaguzi peke yake hana timu.

Wakati nao ni muhimu. Kozi ya ukaguzi ichukuliwe mradi ukiwa kwenye usanifu wa kina, wakati kalamu bado ni nafuu kuliko greda. Ya maji ichukuliwe Januari au mapema Februari. Wiki zinazobaki zinatosha kuzunguka na utepe wa kupimia, kuandika ukubwa wa kila kalavati na kina cha shimo lililo mbele yake, na kuzibua yaliyojaa mchanga kabla masika hayajaanza Machi.