Gari la kukodi kwa safari ya Sikukuu ya Shukrani

Tulikodi gari la viti saba mjini Columbus, Ohio, ili twende kwa shemeji yangu Philadelphia, safari ya takriban kilomita 750 inayofuata barabara kuu ya I-70 na kukatiza West Virginia kwa kitambo kidogo kabla ya kuingia Pennsylvania. Gari lilikuwa safi na lilipanda milima bila kusuasua. Hata hivyo, viti vya nyuma viliwabana watoto magoti, na vinapokaliwa, buti hubaki na nafasi ya masanduku mawili tu. La tatu alilipakata mke wangu njia nzima.

Kasoro kubwa ilijitokeza tuliporudi. Barabara ya kulipia ya Pennsylvania Turnpike, tuliyopitia, haipokei fedha taslimu tangu 2020: kamera hupiga picha namba ya gari na ankara humfikia mmiliki, yaani kampuni, ambayo ilitutoza ada yake ya kila siku juu ya tozo yenyewe, hata kwa siku ambazo gari lilikuwa limeegeshwa uani kwa shemeji. Mhudumu aliyetukabidhi funguo hakulitaja jambo hilo, ingawa alitueleza bima kwa nusu saa.