Mazda CX-5: ya petroli au ya dizeli?

Muuzaji wa yadi akikuambia CX-5 ya dizeli haili mafuta, hajakudanganya. Kilichobaki ni swali ambalo yeye hana haja ya kukuuliza: asubuhi unatoka wapi kwenda wapi, na umbali gani. Kwa gari hili jibu la swali hilo lina uzito kuliko bei ya lita.

Kwanza ujue unachonunua, maana kwa nje yanafanana kama mapacha. Kizazi cha kwanza kilianza kuuzwa Japani 2012, cha pili 2017. Namba ya chasi inakuambia yote: KE2FW na KE2AW ni dizeli ya lita 2.2, KEEFW na KEEAW ni petroli ya 2.0, na KE5FW au KE5AW ni petroli ya 2.5. Kwenye kizazi cha pili dizeli huanza na KF2P, petroli ya 2.0 na KFEP, ya 2.5 na KF5P. Usitegemee picha wala maelezo ya tangazo, dai namba ya chasi kabla ya kutuma hela.

Barabarani dizeli inashinda, tena mbali. Ina turbo mbili (pampu za kusukumia hewa ndani ya injini), nguvu farasi 175 na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 420 inayopatikana tayari kwenye 2,000 rpm, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Petroli ya 2.0 ina farasi 155 na nyutoni mita 196, tena hadi uikanyage ifike 4,000. Ukipanda mlima Kitonga na watu watano na mizigo, ya 2.0 itashuka gia mbili, italia, na lori lililo mbele utalifuata hadi juu. Ya dizeli unagusa tu mafuta, unapita. Ya 2.5, yenye farasi 188 na nyutoni mita 250, inakaa katikati, na kwa anayesafiri mikoani mara chache kwa mwaka ndiyo naiona imepimwa vizuri kuliko zote.

Sasa mafuta. Kwenye foleni za Dar es Salaam, petroli ya 2.0 hukupa kama kilomita 8 hadi 10 kwa lita, dizeli 10 hadi 12. Njia kuu kwa mwendo wa 80 hadi 100, petroli hufika 13 au 14, dizeli 16 na zaidi. Chukua mtu wa mjini anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka: kwa 10 kwa lita anatumia lita 1,500, kwa 12 anatumia 1,250. Ameokoa lita 250. Fedha hiyo ipo, lakini tatizo moja la nozeli (kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda) linaweza kuila yote ya mwaka na kudai nyingine. Mtu wa kilomita 40,000 za njia kuu, kwa 13 dhidi ya 16, anaokoa lita karibu 580, na gari lake haliugui ugonjwa wa mjini. Hapo hesabu inageuka kabisa.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Kwenye ekzozi ya dizeli kuna chujio la masizi, mafundi wanaliita DPF. Linakusanya masizi, na likikaribia kujaa kompyuta inayachoma: inapuliza dizeli ya ziada ndani ya silinda baada ya mlipuko wa kawaida, dizeli hiyo inaenda kuungua kwenye ekzozi, chujio linafika joto la nyuzi 600 hivi na masizi yanageuka hewa. Kazi hiyo inataka injini iliyopata moto vizuri na dakika 15 hadi 20 za kutembea bila kuzimwa. Anayetoka Mwenge kwenda Mikocheni, mitaa jirani ya Dar, akazima, jioni akarudi, hazipati dakika hizo. Kila mara kompyuta inaanza kuchoma, kila mara anazima katikati. Masizi yanabaki, na ile dizeli ya ziada isiyoungua inateleza kwenye kuta za silinda inashuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini.

Ndiyo maana dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ya gari hili ina alama ambayo wengi hawajawahi kuiona kwenye gari lingine. Juu ya alama ya kujaa kuna herufi X. Kwenye injini ya kawaida oili hupungua, kwenye hii huongezeka. Oili ikikaribia X, maana yake imechanganyika na dizeli, imekuwa nyepesi kama maji, na turbo inayozunguka kwa kasi kubwa mno inategemea utando wa oili hiyo hiyo. Kumwaga oili siku hiyohiyo ni nafuu kuliko turbo. Na usikubali fundi akipunguza kidogo ili kiwango kirudi mahali pake. Kiwango kitarudi, dizeli itabaki.

Dalili kwamba gari linachoma masizi si ngumu kuzisoma: linakataa kujizima lenyewe kwenye taa nyekundu kama lilivyozoea, saileni (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda kidogo, feni inazunguka, na ulaji wa mafuta wa papo hapo unaharibika bila sababu. Ukiziona, zunguka kidogo kabla ya kufika nyumbani. Taa ya DPF ikiwaka bila kupepesa, endesha dakika 15 hadi 20 ukishikilia injini kwenye 2,000 rpm au zaidi. Ikianza kupepesa, nenda gereji yenye mashine ya kusoma kompyuta. Gari lenye afya huchoma kila baada ya kilomita 200 na kitu. Umbali huo ukishuka chini ya 100, kuna jambo lingine nyuma yake, aghalabu nozeli au masizi yaliyoziba njia ya hewa.

Nozeli zinahitaji aya yake. Chini ya kila moja kuna washa, yaani pete ndogo, ya shaba inayozuia moto wa silinda usipande. Ikichoka, hewa chafu inapenya: asubuhi injini ikiwa baridi utasikia mlio mdogo wa kupuliza, harufu ya moshi itaingia ndani kupitia AC, na ukifungua kifuniko cha juu utakuta utomvu mweusi mgumu kama lami umezunguka shina la nozeli. Ukiacha, masizi yanaingia kwenye oili, yanashuka, na yanaziba kichujio cha waya kilicho mdomoni mwa bomba la kunyonyea oili ndani ya sampo. Presha ya oili inaanguka, turbo inakufa, na fundi asiyejua anakufungia turbo mpya. Nayo inakufa mwezi wa pili, kwa sababu hakuna aliyeteremsha sampo kusafisha kile kichujio. Matengenezo ya kweli ni washa nne mpya, viti vyake visafishwe hadi shaba ikae kwenye chuma kitupu, boliti mpya zikazwe kwa kipimo, sampo ishushwe, ndipo oili na filta zibadilishwe. Washa ya zamani hairudishwi, hata kama inaonekana nzima.

Kuna wanaotatua kila kitu kwa kutoboa DPF. Ukilitoboa bila kuandika upya programu ya kompyuta, kompyuta bado inaweza kuagiza dizeli ya kuchomea masizi yasiyokuwepo, oili inaendelea kupanda, na siku moja gari linajifungia kwenye nguvu ndogo katikati ya safari. Hata ikiandikwa vizuri, moshi mweusi utawaachia wa nyuma yako. Na ukiona gari la kuuza limefanyiwa hivyo, jua lilikuwa na ugonjwa ambao mwenyewe hakutaka kuutafuta.

Oili ya dizeli hii ni ya 0W-30 au 5W-30 yenye maandishi ya DL-1 au C3, viwango vya oili isiyoacha majivu mengi, lita tano na kidogo ukibadilisha na filta. Ile 15W-40 ya malori inayouzwa kwa jina la oili ya dizeli siyo. Viungo vyake huacha majivu kwenye DPF, na majivu, tofauti na masizi, hayaungui kamwe. Hapa kwetu badilisha kila kilomita 5,000. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki ziliweka kikomo cha sehemu 50 za salfa kwa milioni kwenye dizeli, Japani kikomo ni 10, na salfa hutengeneza asidi kwenye oili. Filta ya dizeli usiivushe kilomita 20,000, kwani pampu inasukuma mafuta kwa presha inayofika baa 2,000 na maji kidogo tu yanaikwaruza. Na sheli ushuke mwenyewe usimame pale. Wahudumu wamezoea CX-5 za petroli, mkono unakwenda wenyewe. Wakikosea, usiwashe hata swichi, maana dizeli ndiyo inayolainisha pampu na petroli hailainishi chochote. Gari lisukumwe pembeni, tangi likaushwe.

Ya petroli haina mengi ya kuandikia, na hiyo ndiyo sifa yake. Oili 0W-20, lita 4.2 kwa injini ya 2.0. Plagi za iridiamu zinaishi karibu kilomita 100,000 usipouziwa bandia. Betri iwe ya aina ya Q-85, maana mfumo wa kujizima kwenye foleni unaua betri ya kawaida mapema. Petroli ya kawaida ya vituoni inaitosha. Inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali zake nazo hujenga masizi, ila polepole sana.

Ukienda kukagua ya dizeli, mwambie muuzaji asiwashe kabla hujafika, uisikie ikiwa baridi. Chomoa dipstiki, uangalie X na unuse: oili ikinuka dizeli, rudisha dipstiki mahali pake na uage. Ingiza tishu nyeupe kwenye mdomo wa ekzozi. DPF nzima huacha vumbi la kijivu tu, tishu ikitoka nyeusi tititi chujio limepasuka au halipo. Kisha lipa fundi aichomeke mashine, akusomee umbali wa wastani kati ya uchomaji mmoja na mwingine na marekebisho ya kila nozeli. Muuzaji akikataa mashine, amekujibu.

Kwa mtu wa mjini, na wanunuzi wengi ni wa mjini, namwelekeza kwenye 2.0 bila kusita. Injini yake ni cc 1,997, hivyo ushuru wa bidhaa Tanzania unabaki daraja la chini ya cc 2,000, wakati dizeli yenye 2,188 na petroli ya 2.5 zinapanda daraja. Dizeli ni ya anayelala Morogoro na kufanya kazi Dar, ya mwenye shamba Iringa, ya anayekwenda Arusha kila wiki mbili. Huyo achukue KF2P ya 2018 kuendelea yenye farasi 190 akiipata, na aongeze kwenye bajeti yake seti moja ya washa nne za shaba kabla gari halijashuka melini.