Kitufe cha O/D kwenye pikapu ya otomatiki: msimu mmoja wa kuvuta tela kati ya Uyole na Isyonje

Pikapu ninayoizungumzia ni mtumba wa Kijapani, yenye injini ya petroli ya lita 2.7 na giaboksi ya otomatiki ya gia nne, na kwa msimu mzima imenivutia tela la magurudumu mawili: kupanda na mifuko 24 ya mbolea ya kilo 50, kushuka na viazi. Barabara ya Tukuyu, mkoani Mbeya, huanza kupanda mara tu unapoiacha njia panda ya Uyole, nayo ndiyo iliyonifundisha kazi ya kitufe kidogo cha O/D, yaani ovadraivu, kilicho ubavuni mwa mkono wa gia: huiwasha na kuizima gia ya juu kabisa.

Safari za mwanzo niliiacha ovadraivu ikiwa imewashwa, nikiamini kwamba otomatiki inajua kujichagulia gia. Gia ya nne ndiyo ovadraivu yenyewe: shafti inayotoka kwenye giaboksi huzunguka haraka kuliko injini, jambo linalookoa mafuta tambarare lakini linalopunguza nguvu inayofika kwenye magurudumu. Kwa hiyo mlimani gari lilirudi gia ya tatu, likapata mwendo, likaingia ya nne, likachoka, likarudi tena ya tatu, na hekaheka hiyo huipasha oili ya giaboksi joto kali. Nilipochomoa kijiti cha kupimia, oili iliyokuwa nyekundu ilikuwa kahawia na inanuka kuungua, nikalazimika kuibadilisha kabla ya wakati wake.

Tangu nianze kukibonyeza kitufe kabla ya kilima, si katikati yake, gari hutulia gia ya tatu, ambayo huzunguka sawasawa na injini. Mlio hupanda, na abiria asiyezoea hudhani injini inateseka, ilhali inayopumzika ni giaboksi. Petroli huongezeka kidogo. Nalipa bila kinyongo, maana oili na fundi ni ghali zaidi.

Wakati wa kushuka, gia ya tatu husaidia breki, lakini ukiwa na magunia ya lumbesa, ambayo uzito wake anaujua aliyeyajaza, haitoshi kwenye miteremko mikali na hapo nashusha hadi 2.

Lawama yangu ni taa ya dashibodi: ikiwaka maana yake ovadraivu imezimwa, na madereva wawili niliowaazima gari walielewa kinyume. Kitufe nacho huguswa na kidole gumba bila kukusudia.

Tela likiwa tupu, kwenye tambarare kati ya Igurusi na Chimala, nairudisha ovadraivu bila wasiwasi. Hapohapo ndipo ningemshauri mnunuzi alijaribie gari kama hili: akiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, injini ikiwa imetulia katika gia ya nne, abonyeze kitufe, mlio usipopanda, kitufe au giaboksi ina kasoro, na bei ishuke.